Beki wa Kushoto wa Kitale

Watu wakisikia kwamba nilicheza mpira wa magongo Kitale wakati wa Wazungu, wengi hudhani nilikuwa naokota mipira iliyotoka nje. Hapana. Nilikuwa beki wa kushoto, na sikumbuki fowadi hata mmoja aliyefurahi kukutana na mimi.

Nilifika Kitale nikiwa kijana mbichi, nikitoka kwetu upande wa Bungoma, nikapata kazi kwenye karakana ya Kalasinga mmoja aliyeunda bodi za malori na mikokoteni ya ng'ombe. Yeye na ndugu zake, pamoja na Wagoa waliokuwa makarani mjini, walikuwa na timu ya magongo. Jumamosi mchana walifunga karakana wakaenda uwanjani, na mimi nikaenda zangu chumbani kufua nguo.

Mwaka huo beki wao alihamia Kampala. Yule Kalasinga, ambaye sote tulimwita fundi, alianza kunitazama nikivuta msumeno wa watu wawili. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa mkorofi. Badala ya kuuachia msumeno nilipouvuta, aliukandamiza makusudi ili nichoke. Sikumgombeza. Nilimngoja alegeze mkono, kisha nikavuta. Ijumaa jioni fundi akaniita.

"Wewe hapana kasirika?" akaniuliza kwa Kiswahili chake.

"Nikikasirika mbao itaenda kombo, Bwana Fundi."

"Basi kesho kuja na mimi. Mimi nataka beki."

Mpira wa miguu niliujua, tuliucheza shule ya misheni. Huu wa magongo nilikuwa nimeuona kwa mbali tu. Kesho yake akanipa gongo lililotoka India, mti mgumu uliopinda mwishoni, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Mpira unaguswa kwa ule upande bapa peke yake. Mpira wenyewe ni mdogo, mweupe, mgumu kama jiwe, na ukikugonga mguuni refa anapuliza firimbi kukuadhibu, kana kwamba maumivu hayatoshi. Jumamosi zangu za kwanza nilirudi chumbani miundi imevimba, nikaikanda kwa maji ya moto huku nikicheka peke yangu.

Fundi alinifundisha mwenyewe. Alisimama mbele yangu, kilemba chake kimekaza, akanionyesha: gongo chini, magoti yapinde. "Fowadi nacheza na mabega, nacheza na macho. Wewe wacha yeye cheza. Wewe ngoja mpira."

Huko kungoja nilikuelewa mara moja. Fowadi anayekujia mbio anataka uingiwe na hofu, urushe gongo ovyo, akupite. Ukikataa, ukarudi nyuma polepole huku ukimsukumia pembeni, yeye ndiye anayeanza kuharakisha. Akiharakisha, mpira unamtangulia kidogo. Hapo ndipo unapouchukua. Mvua kubwa ilipofika nilikuwa tayari kwenye timu, na hakuna aliyesema nimewekwa kwa huruma.

Mara ya kwanza tulipokwenda kucheza kwenye klabu ya masetla, kapteni wao alinitazama, akamwambia fundi, "Boi wako angoje kule kwenye magari."

"Huyu beki yangu," fundi akamjibu. "Kama yeye hapana cheza, sisi narudi nyumbani nakula chakula."

Mzungu akageuka kuwatazama wenzake, ambao walikuwa wamekwisha kuvaa na walikuwa wanapasha miili moto. Akatazama mawingu. Tukacheza. Na yule kapteni, kwa kuwa alikuwa fowadi, alinijia yeye mwenyewe tangu mwanzo, uso umemwiva. Nikamngoja. Nikauchukua mpira, nikaupiga ukavuka uwanja mzima. Akaja tena, nikauchukua tena. Kabla ya mapumziko alikuwa amehamia upande mwingine wa uwanja. Baada ya mchezo wenzangu waliitwa barazani kunywa chai, mimi nikaletewa kikombe nje kwenye nyasi. Fundi akashuka na kikombe chake, akaketi karibu yangu, na Wagoa nao wakashuka. Masetla wakabaki barazani na biskuti zao.

Lakini mchezo ninaopenda kuusimulia ni ule wa Bungoma. Timu ya huko ilikuwa ya wenye maduka na watu wa stesheni ya reli. Tulikwenda kwa lori ambalo bodi yake niliiunda kwa mikono yangu, tukashuka tumejaa vumbi, na pembeni mwa uwanja nikawaona baba na mama. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti hata jua likiwaka. Alikuwa amesikia sokoni kwamba mwanawe anacheza na Wahindi, akaja kuona kwa macho yake.

"Wanaume wazima wanafukuza kitu kidogo hivyo kwa fimbo?" akaniuliza.

"Tazama tu, Baba."

Bungoma walikuwa na fowadi kijana, karani wa stesheni, mwepesi sana. Alinipita mara moja mwanzoni, na ninakiri alinipita vizuri. Ila golikipa wetu alituokoa. Baadaye, tukiwa bega kwa bega, gongo lake liliteleza juu ya langu likanipasua juu ya jicho. Nikapiga goti. Damu ikanijaa machoni. Nilipofuta nikaona koti jeusi linakatiza katikati ya uwanja.

Refa alipuliza firimbi mpaka akakosa pumzi. Baba hakugeuka.

"Huyu ndiye aliyekupiga?"

"Ni bahati mbaya, Baba. Ni mchezo."

"Mchezo gani unatoa damu?"

Yule karani, maskini, alisimama na gongo amelificha nyuma ya mgongo. "Samahani sana, Mzee. Limeteleza tu. Sikukusudia."

Baba akanigeukia mimi. Nilidhani ataniamuru twende nyumbani, na hata fundi alikuwa amekwisha kusogea.

"Bado unaweza kusimama?"

"Ninaweza."

"Basi mzuie," akasema. Akatoka uwanjani bila haraka. Mama akaja akanifunga kichwa kwa kipande cha leso yake.

Yule karani hakunipita tena. Tulikuwa tumefunga bao moja, wao hawana kitu, na dakika za mwisho walitujia kundi zima, mpira ukamfikia yeye, amebaki na mimi peke yangu na golikipa nyuma. Akainamisha bega kushoto. Akatazama kulia. Nikamwacha acheze. Kutoka pembeni nilimsikia baba akipiga kelele kwa Kibukusu, mtu ambaye kanisani hata wimbo aliuimba kwa sauti ya chini. Mpira ukaachana na gongo la karani kwa upana wa kiganja, nikaweka langu chini, ukasimama hapo kama umegandishwa. Firimbi ya mwisho ikalia.

Jioni ile wenyeji wetu walitupikia. Mwenye ghala la mbao wa pale, aliyekuwa kapteni wa Bungoma, akaketi kando yangu akaniuliza kama ningependa kufanya kazi karibu na wazazi wangu, na kuwachezea wao. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri msimu mzima. Nilipomweleza fundi, aliendelea kupiga randa ubao wake mpaka ukalainika kabisa.

"Mama yako mzee," akasema mwisho. "Nenda. Lakini ukikuja cheza hapa, sisi hapana hurumia wewe."

Nilihamia Bungoma, nikaoa huko, na mchezo wangu wa kwanza dhidi ya Kitale ulichezwa kwenye uwanja uleule nilipofundishwa. Walitufunga mabao mawili. Fundi alinishika mkono kwa nguvu, akafurahi waziwazi kuliko alivyostahili. Nami nilimkumbusha kwamba yote mawili yalipitia upande wa kulia.