Kibao cha Uongo Mdomoni mwa Kijito

Kosa ni langu, ndugu zangu. Shetani hakunishika mkono, rafiki hakunishawishi, na pombe sikuwa nimekunywa. Nilikaa, nikafikiri, nikacheka peke yangu, kisha nikatenda. Jina langu silitaji, ingawa watu wa Kemondo wakisikia habari hii watanijua mara moja, na watacheka upya. Wacha wacheke!

Nilikuwa karani katika ofisi ya mambo ya samaki hapa Bukoba. Nilikaa Kitendaguro, nikienda kazini kwa baiskeli, shati jeupe, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua za mzungu wetu, ambaye watu walimwita Bwana Samaki, na kumtafsiria akienda mialoni, mitumbwi inakofikia, kuongea na wavuvi. Kiswahili chake kilitosha kuagizia chai tu. Kihaya hakujua hata neno. Alilosikia, alilisikia kwangu. Alilosema, lilipita kwangu. Mwaona hatari hiyo? Mimi sikuiona!

Sasa, kila mtu ana ugonjwa wake. Wangu ulikuwa ndoana. Jumamosi mchana, ofisi ikifungwa, wenzangu waliokuwa kwaya walikwenda mazoezini, mimi nilifunga ufito wangu kwenye baiskeli na kopo la nyungunyungu, huyo, kusini! Kupita Kemondo, upande wa kuelekea Muleba, kuna kijito kinachoingia ziwani. Mvua zikianza, samaki aina ya kuyu hukusanyika pale mdomoni wapande kijito. Kuyu ni samaki mwenye magamba makubwa na hasira kubwa zaidi. Akiimeza ndoana, mkono wako wote unajua umepata mgeni.

Taabu yangu ilikuwa moja: Ta Kagaruki.

Huyu mzee alikuwa na mitumbwi miwili, na kila msimu alikuwa akitega nyavu kukata mdomo wa kijito kutoka ukingo mpaka ukingo. Hakupita hata mkia! Mimi nikakaa juu ya jiwe mchana kutwa, nikapata furu wa ukubwa wa kidole gumba. Naye akipita na mtumbwi wake umejaa, alinitazama na tai yangu, akasema:

"Mkwe wangu, hicho kijiti kimekupa nini leo? Au mnaongea tu na maji?"

Ndiyo, aliniita mkwe. Kwa maana nilikuwa nimemposa binti yake, Kokugonza, na posa ilikuwa imekubaliwa. Binti mwenye akili, amesoma shule ya wasichana ya misheni, anaandika mwandiko kama umechapwa. Sasa fikirini: kuchekwa na baba mkwe mbele ya wapiga kasia wake, kila Jumamosi! Niliumia. Nikanuna. Kisha nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa tamu kuliko ndizi mbivu.

Ofisini kulikuwa na mbao zilizobaki na rangi nyeupe. Nikachukua ubao mmoja, nikaandika kwa herufi kubwa za kiserikali: MARUFUKU KUTEGA NYAVU HAPA. SAMAKI WANATAGA. KWA AMRI.

Kwa amri ya nani? Sikuandika! Hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Amri isiyo na mwenyewe haina wa kuulizwa.

Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, mimi nilimwambia mchungaji jino linaniuma. Nikaenda nikachomeka kibao changu mdomoni mwa kijito, nikakishindilia kwa mawe, nikarudi nyumbani nikiwa nimeshika shavu.

Siku ya tatu Ta Kagaruki alikuja mpaka ofisini, kofia mkononi.

"Mkwe, wewe uko ndani ya mambo haya. Kile kibao ni cha kweli?"

Nikaukunja uso. Nikafungua jalada moja lililohusu mafuta ya taa, nikalisoma polepole, nikalifunga.

"Waitu," nikamwambia kwa heshima zote, "amri ni amri."

"Lakini baba yangu alitega pale, na babu yangu alitega pale."

"Ndiyo maana samaki wanapungua, tata."

Mawe, mama yangu! Nilimwambia hivyo bila kupepesa macho! Mzee akashusha pumzi, akaenda akatoa nyavu zake. Jumamosi iliyofuata nikawa juu ya jiwe langu peke yangu, na kuyu walikuja kama wameitwa kwa kengele. Kibao kilikataza nyavu, hakikukataza ndoana. Nilikuwa nimejiachia mlango wangu mwenyewe!

Nikawa mkarimu kwa samaki wa wizi. Mmoja, mkubwa kuliko wote, nilimpelekea mama mkwe. Akampasua mbele yangu kwenye jani la mgomba, na mayai yakamwagika, manjano, tele, yakajaa bakuli zima.

"Bojo, jamani, huyu alikuwa na kijiji kizima tumboni," mama akasema.

Nilitazama lile bakuli. Nilikuwa nimeandika "samaki wanataga" kwa kubahatisha tu, na kumbe ni kweli. Mwongo mimi nilikuwa nimesema ukweli, na wa kwanza kuuvunja nikawa mimi! Mnadhani niliacha? Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale tena.

Kisha Bwana Samaki akasema anataka kukagua ufuko wote wa kusini kwa boti ya injini. Nami lazima niende. Tulipokaribia kijito nikaanza kumwonyesha ndege upande wa pili, nikamwonyesha mawingu, nikamwonyesha kisiwa. Wapi! Alikiona, akaniamuru nimtafsirie maneno yake.

"Kibao hiki aliweka nani?"

"Huenda yule aliyekutangulia, Bwana."

"Mtu mwenye akili sana!" akasema. "Nami nilikuwa nafikiri hivi hivi. Lakini amesahau jambo moja. Ndoana nazo zikatazwe. Msimu wote wa mvua, mtu asivue hapa kwa namna yo yote."

Ndugu zangu, sheria ile niliipiga taipu kwa vidole vyangu mwenyewe, nakala nne. Baraza la gombolola, yaani la tarafa yetu, likaikubali. Kibao changu kikang'olewa, kikawekwa kingine kizuri, na mimi ndiye niliyeagizwa kukipaka rangi. Jiwe langu likawa haramu hata kwangu. Nilistahili! Kama hadithi ingeishia hapo, ningecheka nanyi.

Lakini siku ya wazee wetu kwenda kwa akina Kokugonza kupanga arusi ilikaribia. Ta Kagaruki alitaka kutukirimu kwa samaki wa maana. Akafikiri moyoni: mkwe wangu nimemwona kwa macho yangu akivua karibu na kile kibao, tena ni mtu wa ofisi hiyo hiyo, basi wavu mmoja kwa ajili ya wageni wake mwenyewe hautakuwa neno. Akatega. Askari wa baraza wakamkamata asubuhi akitoa wavu, samaki sita ndani yake. Mtumbwi ukachukuliwa, wavu ukachukuliwa, na yeye akaitwa barazani.

Kwa kuwa ilikuwa kesi ya kwanza ya sheria hiyo, Bwana Samaki alikuja mwenyewe. Mkalimani ni nani? Mimi! Mwami, mkuu wa gombolola, alikuwa mtu mkali wa maneno machache, Kiingereza hakujua. Watu walijaa mpaka madirishani.

Ta Kagaruki akasimama, akasema kwa Kihaya, sauti ya upole:

"Sheria naijua. Lakini nilimwona huyu mkwe wangu akivua pale, baada ya kuniambia mimi nitoe nyavu. Nikadhani kwa watu wa nyumba moja inaruhusiwa."

Baraza zima likanigeukia. Bwana Samaki akaniuliza kwa Kiingereza, "Anasemaje?"

Hapa ndipo ningeweza kuwa mtu. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Na nikamjibu:

"Anasema amekosa, Bwana, alikuwa na tamaa tu."

Mwami naye akanikazia macho. "Na wewe karani? Ni kweli ulivua pale?"

"Waitu, nilikuwa napima samaki. Kazi ya ofisi."

"Muulize Bwana kama alikutuma."

Nikamgeukia Bwana Samaki nikamwuliza kama angependa dirisha lifunguliwe zaidi, maana joto limezidi. Akatikisa kichwa kukubali, akasema ndiyo, asante. Nikamgeukia mwami.

"Anasema ndiyo, alinituma."

Nawaambia kweli, kwa dakika moja nilijiona mtu hodari kuliko wote Buhaya. Nilikuwa nimeshika vichwa viwili, kila mkono kimoja!

Ndipo sauti ikatoka pale pale dirishani, sauti ya kike, kwa Kiingereza safi kisicho na mkwaruzo:

"Bwana, samahani. Hayo siyo aliyosema baba yangu. Na mwami hakuuliza habari za dirisha."

Kokugonza! Kumbe alikuwa amesimama nje na wanawake wengine, kanga kichwani, akisikiliza neno kwa neno. Akaeleza yote kwa Kiingereza, kisha akamgeukia mwami akaeleza yote tena kwa Kihaya, bila kunitazama. Watu walipoelewa habari ya dirisha, kicheko kilipasuka hadi tarishi mlangoni akadondosha fimbo yake.

Mwami hakucheka. "Kibao cha kwanza aliweka nani?"

Nikasema. Nikasema kwa lugha zote mbili kwamba ni mimi, na mara hii sikupindisha hata neno moja. Bwana Samaki alibadilika rangi akawa kama nyanya. Akasema kibao kilikuwa sahihi, aliyekiweka ndiye mbovu, basi kibao kitabaki na karani ataondoka. Kazi yangu ikaisha hapo, nikiwa nimesimama.

Ta Kagaruki alirudishiwa mtumbwi na wavu, akaonywa akategee mbali na kijito. Mimi mwami akanipa adhabu yangu: kila Jumamosi mchana, msimu wote wa mvua, nisimame mwaloni Kemondo nisome kanuni kwa sauti mbele ya wavuvi. Nyavu za macho madogo ni marufuku. Mtumbwi usijazwe kupita kiasi. Kila mtumbwi uwe na chombo cha kuchotea maji. Mawimbi yakianza kuvunjika meupe, usitoke. Nami nikasoma, mvua ikininyea, huku kina mama wenye vikapu wakiniuliza kwa pamoja:

"Karani! Bwana anasema dirisha lifunguliwe?"

Posa ilirudishwa kabla sijasoma Jumamosi ya pili. Majembe, blanketi, vyote, vikashushwa uani kwa mama yangu mchana kweupe. Mama alilia. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko kazi na kuliko kicheko chote.

Nilipomaliza adhabu nilibeba kibuyu cha olubisi, pombe yetu ya ndizi, nikaenda kumwomba radhi Ta Kagaruki. Aliniacha nisimame nje mpaka miguu ikaniwasha, ndipo akanikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna kama mgeni mwingine ye yote. Nikapiga magoti, nikamwambia nilimwuza kwa neno moja ili kuiokoa tai yangu.

Akatafuna kahawa yake pole pole. "Mimi nimekusamehe. Mtumbwi ninao, na msimu huu kuyu waliopanda kijito wamekuwa wengi ajabu, hata huku nje ninakotega sasa napata. Uongo wako umenilisha. Lakini habari ya binti, muulize mwenyewe. Tena muulize kwa Kiingereza, ili tuwe na hakika ya unachosema."

Kokugonza alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Nikamwuliza, kwa Kiingereza, kama atanikubali tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanisahihisha makosa mawili ya sarufi. Kisha akakataa.

Siku hizi nalima kahawa Buhembe, na ndoana naitupa mahali pa halali, mbali na midomo ya vijito, nikipata napata, nisipopata narudi. Ninyi mnaopenda kuvua kwa starehe, sikieni: kuyu mwenye mayai mwacheni apite, mtamkuta tena mwakani akiwa na watoto wake. Msijitungie sheria ili mvue peke yenu, maana siku moja sheria hiyo itakuja kuwavua ninyi. Na kijana uliyepewa kazi ya kuwa ulimi wa watu wawili, usidhani wewe peke yako ndiye uliyekwenda shule. Wanawake nao wamesoma, ndugu yangu, na huwa hawasemi mpaka umalize!