Karatasi Isiyo na Pengo

Fundi viatu alimgeuza mkewe ubavu ili amwoshe, akaona doa. Lilikuwa chini ya kiuno, kubwa kama kisigino cha kiatu cha mtoto, jeusi kuliko ngozi ya pembeni, la moto na gumu kidogo. Akalibonyeza, akaachia. Halikubadilika rangi.

"Mbona kimya, Fundi?" mkewe akauliza. "Umekuta hazina huko nyuma?"

"Hamna kitu, mama."

Tangu mkewe aumie uti wa mgongo kwa kuanguka ngazini, kwenye jengo alikokuwa akifanya usafi, alikuwa hasikii chochote kuanzia kiunoni kushuka. Hospitali iliwaingiza kwenye utafiti wa watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Wakapewa godoro la hewa na karatasi: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kila mara itiwe tiki. Lakini kila usiku Fundi alilala fofofo. Asubuhi, kwa aibu, alitia tiki zote kwa mkupuo. Aliogopa watafiti wakijua watawatoa kwenye utafiti, na godoro liende.

Leo mtafiti alikuwa anakuja saa nne.

Akiificha habari ya doa, nani atajua? Lakini hospitalini, kitanda cha jirani, alikuwapo mgonjwa aliyeanza na doa kama hilo. Likawa kidonda, kikachimba hadi mfupani. Alitolewa wodini amefunikwa shuka mpaka usoni.

Mlango ukagongwa. Mtafiti, binti mwenye begi mgongoni, akaketi, akaisoma karatasi.

"Hongera, baba. Hujakosa hata mara moja."

Fundi akamsogezea beseni la maji. "Hebu nawa mikono, daktari, umwangalie mgongo. Hiyo karatasi ni ya uongo. Usiku huwa nalala."

"Hilo nalijua," mkewe akadakia. "Unakoroma kama mashine ya kusaga! Nilikuonea huruma tu, nikanyamaza." Kisha sauti ikamnyong'onyea. "Mgongo una nini?"

Mtafiti alinawa, akabonyeza doa, midomo ikihesabu sekunde.

"Ngozi haijapasuka," akasema. "Bado. Asilalie hapa hata dakika moja. Leo hii aonwe kliniki."

"Na godoro?"

"Siamui mimi, baba. Nampigia mkuu wangu." Akaitazama tena karatasi. "Nina nyumba nyingine tisa zenye karatasi safi kama hii. Tisa! Sasa naziogopa zote. Usiku una mtu wa kukupokea zamu?"

"Sina."

Mtafiti akaliandika hilo, akatoka na simu.

Mkewe alimkamata Fundi mkono, akaubana hadi ukauma. "Mwili ni wangu. Usinifiche tena."

"Sikufichi."

Akamlaza ubavu wa kushoto, akamwegemeza na mto. Nje mtafiti alikuwa akimweleza mkuu wake. Fundi akasikia neno "haraka", kisha sauti ikashuka, asijue kama godoro litabaki.