Nilidhani nimemuuzia alizeti jamaa wa mashine, kumbe sikumuuzia yeye

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Iguguno. Haya yamenikuta mwenyewe, asiyeamini aje nimpeleke ghalani.

Mwaka jana jirani yangu alipatana bei na mnunuzi wakati alizeti bado iko kwenye maua. Bei ikashuka, mnunuzi akazima simu. Ikaishia hapo.

Mwaka huu nami nikapatana na jamaa mwenye mashine ya kukamua mafuta, yuko Singida mjini. Bei nzuri, na binti yangu alikuwa nyumbani anasubiri ada arudi chuo cha uuguzi.

Ila kijiji kikasema mapatano yote yapitie ghalani kwa Mama Eliza, msimamizi wa ghala la kijiji. Na anachukua dhamana pande zote! Mimi nikaacha magunia ya mahindi, jamaa akaacha hela. Bei ya soko ikipanda, mkulima anaongeza dhamana. Ikishuka, anaongeza mnunuzi, yaani yule anayeweza kushawishika kukimbia.

Nikamwambia mke wangu, huyu ni dalali tu kavaa miwani.

Kweli bei ikaanza kuporomoka. Kila siku ya gulio namwona jamaa anaingia ghalani, anatoka kanuna. Nikajua wananipanga.

Tumevuna, mzigo uko kwenye mkokoteni, nampigia. Hapatikani. Wakuu, nikapiga tena na tena. Nilimfikiria binti tu.

Nikaenda ghalani nimefura, ila adabu ni adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kuna nini?"

"Mtu wenu kakimbia."

"Kwani alizeti ulimuuzia nani?"

"Si yule wa mashine?"

"Hapana. Uliniuzia mimi. Yeye alinunua kwangu. Shusha mzigo tupime."

Akanilipa bei ileile ya mapatano! Kumbe jamaa alikuwa anaitwa kuongeza dhamana kila bei iliposhuka. Mzigo ukauzwa kwa mwingine kwa bei ya chini, dhamana ya jamaa ikaziba pengo.

Mdau mmoja kaniambia masoko makubwa ya dunia nayo yana mtu wa katikati hivyo, wanaita clearing house.

Nilichojifunza: ukipatana na mtu, mwangalie zaidi anayesimama katikati.

Binti yuko chuoni. Ila roho yangu haijatulia, maana sasa kijiji kizima kimemuuzia mama mmoja. Nikamuuliza, "Na wewe ukianguka, nani atakushika?"

Akasema, "Ndiyo maana nawasumbua na dhamana."

Juzi nimepeleka gunia la ziada la mahindi, dhamana ya msimu ujao, bila kuitwa. Na kufuli la ghala nikalitikisa kabla ya kuondoka, nione kama linashika.

Nyie mngemwamini? Semeni ukweli.