Dawa Iliyowaponya Panya

Kwa miaka mingi wagonjwa wangu walikuwa panya. Niliwapa dawa mpya ya kifua kikuu maabarani, wakapona, wakanenepa, nami nikaanza kutembea kifua mbele kana kwamba Geita nzima imeshapona. Kilichobaki ni kuijaribu kwa binadamu tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyoniumbua.

Siku ya kuwaeleza wachimbaji wadogo wa dhahabu utafiti wetu, nilianza kwa kuwasifu panya wangu. Mchimbaji mmoja aliyekuwa akiugua kifua akanyoosha mkono.

"Samahani, daktari. Hao panya walikuwa wanashuka duarani, kule shimoni tunakochimba?"

"Hapana. Walikaa kwenye boksi safi, wakila kwa wakati."

"Basi hao walikuwa mabosi, si wachimbaji."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja, muuza chapati hapo machimboni, akauliza kama ni kweli tunanyonya damu za watu. Nikamwambia ni kijiko tu, kwa ajili ya vipimo, na hata mimi naweza kutolewa mbele yao. Nikakunja shati, nikamwita muuguzi wetu. Nilikuwa nimewachoma sindano panya wasiohesabika, ila mimi mwenyewe sikukumbuka nilichomwa lini mara ya mwisho. Nilipoona damu yangu ikipanda kwenye bomba, miguu ikaniaga.

Nilizinduka nikiwa chali, yule mama akinipepea kwa kitenge.

"Pole, baba. Umekula lakini?"

"Shikamoo," nikamjibu, ingawa nilimzidi umri.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia bila kusita.

Ikabidi muuguzi amalizie maelezo: anayetaka anajiunga, asiyetaka anaendelea na matibabu yake ya kawaida, na aliyejiunga anaweza kujitoa wakati wowote. Yule mchimbaji akajiunga. Alisema mtu anayezimia hadharani hana ujanja wa kumtapeli.

Utafiti ulipokwisha, yeye alikuwa amepona kwa dawa yangu, lakini waliotumia dawa ya zamani nao walipona vilevile. Dawa yangu haikuizidi ile kwa lolote. Nilirudi machimboni kuwaambia, maelezo marefu ya kitaalamu nimeyakariri njia nzima. Sikufika hata katikati.

"Yaani ulichimba, hukukuta kitu?" akauliza mchimbaji.

"Sikukuta."

"Pole sana. Ndiyo kazi."

Akabeba sururu yake, akarudi duarani, akaniacha nimesimama na maneno yangu ya kitaalamu.