Niliandika Kisa cha Mapenzi cha Mwanamke Mwingine, Sasa Mke Wangu Anataka Jina Lake

Admin, jina langu lizike kabisa. Birmingham mnaiona kubwa kwenye ramani, ila Waswahili wa hapa tunajuana mpaka kwa viatu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, Mtanzania, nina mke na binti mmoja, naendesha gari la mikate. Shule niliishia kidato cha pili, lakini msinidharau. Nimekaa Muscat, nimekaa Napoli, nimekaa Rotterdam, naweza kuomba msamaha kwa lugha tano. Na kwa kuandika mapenzi, mji huu sina mpinzani. Najisifu mwenyewe kwa sababu wengine wana wivu.

Ilianzia darasa la Kiingereza la watu wazima, Bordesley Green. Mwalimu alitugawia vikaratasi vyenye sentensi moja: mwanamume na mwanamke wamekwama kwenye lifti. Malizia mwenyewe. Wenzangu waliandika mistari mitatu, lifti ikatengenezwa. Mimi niliwaoza humo humo ndani. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Nikasema hii kitu naipeleka kwa Waswahili. Nikafungua grupu la WhatsApp, Wabongo, Wakenya na Wakongo wote wamo. Mtu ananitumia kianzio inbox, sentensi moja au mbili, Jumamosi naposti kisa kizima. Sheria ni moja: aliyenitumia simtaji, hata niwekewe kisu. Ndiyo maana wanawake walinimiminia vianzio. Nesi mmoja Mkenya aliniandikia, "Aki wewe, nimelia kwa basi mpaka nikapitisha stage yangu." Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa mtu asiye na shule anamtoa wapi shujaa? Kwenye kioo. Mashujaa wangu wote ni mimi, nimewapunguza kitambi tu.

Mwezi uliopita dada mmoja akanitumia hiki: "Mke anamuuguza mumewe, na moyoni anampenda mwanamume mwingine. Hakuna anayejua. Wakutanishe mahali pa kawaida." Nikasema hapa ndipo penyewe. Nikawakutanisha kituo cha basi, Kingstanding, mvua inapiga. Shujaa nikampa pengo langu la mbele, nikampa koti langu linalonukia mkate, na neno la kumwambia mwanamke nikampa: "Ukicheka, hata baridi inaona haya."

Grupu liliwaka moto. Mke wangu alikisoma jikoni, mwiko mkononi, na ugali ukaungua mbele yake.

"Baba Neema, hilo neno uliniambia mimi. Siku ya kwanza, hata jina langu hulijui."

"Mke wangu, hiyo ni hadithi."

"Hadithi ina pengo lako?"

"Mapengo ni ya wengi."

"Na huyo anayemuuguza mumewe ni nani?"

"Ni kianzio tu, mtu katuma."

"Basi nionyeshe aliyetuma."

Hapo ndipo nilipokwama. Asubuhi ile ile dada yule alikuwa amenipigia analia. "Kaka, yale ni maisha yangu. Nilitaka niyasome mara moja yakiwa ya mtu mwingine, nipumue. Huyo mtu hata mkono sijamshika, wala hajui. Ukinitaja nimekwisha."

Anayempenda si mimi, naapa. Lakini dada huyu si mgeni kwetu. Mumewe ni rafiki yangu, amepooza upande mmoja, na kila Alhamisi naenda kwao kumnyoa ndevu. Mke wangu mwenyewe hunifungia chapati za kuwapelekea. Pigeni picha sasa: nikitoa simu, atakutana na jina la mwanamke wa nyumba ninayoingia kila wiki, juu ya kisa chenye pengo langu na neno nililomwambia yeye siku ya kwanza. Nani ataniamini? Mimi mwenyewe nisingejiamini. Majina, ugonjwa na siku nimebadili, kwa hiyo ukidhani unawajua, sio wao.

Alhamisi hii nampaka povu, rafiki yangu akasema, "Mwandishi, kile kisa nimesomewa."

Wembe ukasimama. "Na nani?"

"Na mke wangu, nani mwingine?" Akajifuta povu mdomoni. "Kina sehemu ya pili?"

"Sijajua bado."

"Ukiiandika, usimfanye yule mama aondoke. Au akiondoka, aage."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Nikamalizia shavu la pili, nikamkata kidogo, na hakulalamika.

Nyumbani kwangu mke amehamia chumba cha binti. Binti naye kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia, majibu ni ya kizungu: "Dad, just show her." Shemeji yangu anakuja Jumapili kutoka Leicester na wazee wawili. Mke wangu amesema, "Simu mezani, ikiwa imefunguliwa. Usipoiweka nimeshajua, na mimi na mwanangu tunaondoka." Kufuta ule ujumbe nimefikiria, lakini anajua vianzio vyote huwa navitunza, kimoja kikikosekana ndiyo nimekiri. Nimemwomba yule dada aje mwenyewe azungumze na mke wangu, mwanamke kwa mwanamke. Akasema atajitahidi. Tangu hapo simu yangu hapokei.

Ndugu zangu, matusi wekeni pembeni, na wa kucheka chekeni mmalize kwanza. Nampenda mke wangu, na tangu aache kuongea na mimi nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nikificha simu, nampoteza. Nikiiweka mezani, huenda nikampoteza vile vile, na kule yule mgonjwa akampoteza wake. Jumapili wazee wakishakaa, mke wangu ananitazama, mimi nifanye nini?