Chokaa kwenye Karanga za Mama Mkubwa

Sogea karibu, wewe unayelima karanga na kuvuna maganda matupu, nikueleze bila haraka. Huenda mbegu yako haina kosa lolote. Hata mama yangu mkubwa, dada wa mama yangu, aliilaumu mbegu yake bure.

Alikimbia vita Masisi, akakaa kambini kwanza, kisha nikamchukua aishi kwangu Goma, mtaa wa Katindo. Alifika na sufuria moja na karanga alizofunga kwenye pindo la kitenge. Zilikuwa karanga ndogo, nyekundu, alizoachiwa na mama yake, zenye mafuta mengi hata ukizisaga kwenye jiwe viganja vinang'aa. Zile za kijijini zililiwa na wenye bunduki. Kwa alivyojua, zilizobaki duniani ni hizo za kwenye kitenge.

Barabara ilipotulia tulikodi shamba la udongo mwekundu mlimani, juu ya mji wa Sake. Alipanda nusu ya mbegu, nusu akaiweka. Majani yalistawi mpaka wapita njia wakasimama kuyasifu. Siku ya kung'oa, akabonyeza ganda kwa kidole gumba, kama wanawake wa kwao wanavyopima karanga. Likabonyea. Ndani hewa. Akabonyeza lingine, hewa tena.

"Mbegu imechoka," akasema. "Imekimbia sana, kama mimi. Ile yenye imebaki nitaikaanga tukule, biishe."

Kazi yangu ilikuwa kuwashauri wakulima, na ugonjwa huo nilikuwa nimeuona mara nyingi. Nikainua shina moja lililong'olewa.

"Angalia huu uzi, Mama. Ua likinyauka linatoa uzi, uzi unaingia kwenye udongo, na ncha yake ndiyo inakuwa karanga. Mizizi inalisha majani. Lakini chokaa ya kujaza karanga, ganda linainyonya lenyewe, kutoka udongo unaoligusa. Udongo huu hauna chokaa ya kutosha."

"Kumbe mutoto anajipakulia yeye mwenyewe?"

"Ndiyo. Na sahani yake haina kitu."

Akacheka, nami nikadhani tumemaliza. Basi msimu uliofuata nikaleta kifuko cha chokaa kutoka madukani Birere, kwa wauzaji wa rangi za nyumba. Alipokiona alisimama.

"Weye! Unga ya choo unaniletea ku chakula?"

Kambini, unga mweupe kama ule ulimwagwa kwenye vyoo, na juu ya makaburi ya watu waliokufa kwa kipindupindu. Kwake chokaa ilikuwa na harufu ya siku zile. Mtu akikataa kitu kwa sababu ya aliyoyaona, usimwite mjinga, mpe nafasi. Nilimwambia tu kwamba hii haijachanganywa na dawa yoyote, na kwamba hata kuta za kanisa zinapakwa hiyo.

"Kanisa hatukuli," akanijibu.

Hata hivyo mbegu hakuikaanga. Aliipanda yote iliyobaki, na maua ya kwanza yalipofunguka akaniruhusu nitie chokaa kwenye mistari miwili tu, ile ya chini kabisa, mbali na njia, ili wanawake wa mashamba ya jirani wasione. Wakaona.

"Mama wa Masisi!" mmoja akapaza sauti. "Umehamisha choo ku shamba?"

"Ndiyo! Na mutakuja kupiga mustari hapa, mukiomba mbegu!"

Siku ya kuvuna walikuja kweli, wakasimama pembeni na majembe yao. Mama mkubwa alianzia mistari ya juu. Ganda likabonyea, na la pili, na la tatu. Akashuka mpaka mistari miwili ya chini, akang'oa shina, akabana ganda. Ganda likagoma. Akalipasua: punje mbili nyekundu, zimebanana. Akaitupa moja mdomoni, mbichi, na mavumbi yake, akaitafuna huku akiwatazama.

"Haina choo," akasema.

Wakakinga mikono, wakicheka. "Mama, tuonjeshe basi!"

"Hapana. Hii ni mbegu. Mulete chokaa kwanza, ndiyo tutaongea."

Mistari ile miwili ilijaza kitenge, na msimu uliofuata shamba lote lilipandwa kutoka humo. Siku hizi punje nyekundu zile ziko kwenye mashamba ya wanawake wale wale, walioleta chokaa yao, na mafuta yake yako kwenye sombe yao, mboga ya majani ya muhogo.

Wewe nawe, karanga zako zikianza kutoa maua, palilia kwanza. Tafuta chokaa isiyo na dawa ya choo, funika mikono na uso. Subiri umande ukauke, kisha nyunyiza safu nyembamba juu ya udongo kuzunguka kila shina, pale nyuzi zitakapoingia, na usiifukie.