Ndege Iliyotekwa Siku ya Posa

Siku ile tulikuwepo watu watano. Mimi. Mdogo wangu wa kike aliyekuwa anaposwa. Shangazi yetu, aliyepanda basi kutoka Masasi. Mshenga wa upande wa kijana. Na bibi yake kijana, ambaye hakualikwa. Alikuja kwa sababu wao ni watani zetu, na mtani hazuiliwi mlangoni.

Kompyuta nayo ilikuwepo. Ndiyo iliyokalia meza.

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikaingia Kariakoo kuuza mabegi. Jioni natengeneza picha za ndege za kivita kwenye kompyuta: ribiti, kutu, masizi ya mkiani, kivuli cha tumboni. Sijawahi kupanda ndege. Ukimaliza kuijenga, mashine huipika picha, yaani huichora yenyewe nukta kwa nukta, kutwa nzima, na ukiizima katikati unaanza upya. Kwa hiyo sikuizima hata kwa posa, na feni niliielekeza kwake isiungue.

Mshenga alianza kwa heshima, akisema wameona ua bustanini kwetu. Bibi akamkatiza.

"Ua gani, na mimi natota jasho? Hiyo feni inampepea nani?"

"Shikamoo bibi. Inapepea ndege."

"Marahaba. Ndege inasikia joto, mimi sisikii?"

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Ndege ilikuwa imesimama kwenye bonde la Jangwani baada ya mvua, tope hadi kwenye matairi. Bibi akaisogelea.

"Nani anairusha?"

"Hakuna. Kiti kitupu."

"Basi nimeiteka."

Akachomoa mausi ya kompyuta, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kwetu mtani akichukua kitu humpokonyi. Unakikomboa, na fidia anaitaja yeye. Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. Mdogo wangu hakucheka.

"Mtaniweka mimi kwenye hicho kiti," bibi akasema. "Na miwani yangu. Na kanga ionekane. La sivyo mjukuu wangu haoi hapa, akaoe Feri, huko kuna samaki."

"Utani huo, mama," shangazi akasema.

"Umeniona nacheka?"

Mdogo wangu akanivuta shati. "Kaka, muweke."

Nikaahidi mbele ya mshenga. Posa ikapokelewa, mausi ikarudi, lakini tarehe ya ndoa haitajwi mpaka bibi ajione angani.

Nilimpiga picha kwa simu kila upande. Sura imekubali, miwani inaakisi wingu. Kanga ndiyo inanishinda. Inasimama kama bati. Shangazi anasema niiache hivyo hivyo, nani atajua? Nitajua mimi. Ndege zangu zote ni za kweli, siwezi kuanza kudanganya kwa mkwe.

"Bado?" mdogo wangu huuliza akiniletea chai.

"Bado."

Leo mshenga amepiga simu. Bibi anataka marehemu mumewe naye akae nyuma yake, maana maisha yao yote hawakuwahi kusafiri pamoja.

Ndege yangu ina kiti kimoja. Nimeanza kuikata katikati.